Irinotekani: Dawa ya Saratani ya Utumbo Mpana Iliyosambaa, na Dhamiri ya Mgonjwa Mkristo

Irinotekani ni dawa ya tibakemikali itumikayo kutibu saratani ya utumbo mpana na ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo, pindi ugonjwa unapokuwa umekwisha kusambaa hadi viungo vingine vya mwili, hasa ini na mapafu. Hutolewa hospitalini kwa dripu mshipani, mara nyingi sanjari na dawa nyingine ya zamani zaidi iitwayo fluorourasili. Waamini wengi hulisikia jina hili kwa mara ya kwanza siku ile daktari anapowaeleza kwamba upasuaji peke yake hautatosha. Baadhi yao, kabla ya kurudi nyumbani, hupitia kwa paroko wakiwa na karatasi ya hospitali mkononi na swali ambalo si la kitabibu hata kidogo: Padre, nikiikubali dawa hii nitakuwa nimekosa imani? Na nikiikataa, nitakuwa nimejiua?

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya watu hao na kwa ajili ya wale wanaowauguza. Hayachukui nafasi ya daktari. Lakini swali la dhamiri haliwezi kujibiwa vema na mtu asiyejua dawa yenyewe inafanya nini, inaweza nini na inadai nini. Ndiyo maana tunaanza na dawa kabla ya kufika kwenye mafundisho ya Kanisa.

Kutoka kwenye mti

Asili ya irinotekani ni mti. Kusini mwa China huota mti mrefu ambao wenyeji huuita xi shu, yaani mti wa furaha. Wataalamu wa mimea huuita Camptotheca acuminata. Mwaka 1966 wanakemia wawili waliokuwa wakifanya kazi North Carolina, Monroe Wall, Mmarekani, na Mansukh Wani, mzaliwa wa India, walitangaza kwamba wamefaulu kutenga kutoka katika mti huo kiini chenye nguvu dhidi ya saratani, kikaitwa kamptothesini. Ni wawili hao hao waliopata kutoka katika magome ya mti mwingine dawa ya paklitakseli, ambayo leo inajulikana sana na akina mama wanaotibiwa saratani ya matiti.

Furaha ya mti huo haikudumu. Wagonjwa waliojaribiwa kiini hicho mwanzoni mwa miaka ya 1970 walipata madhara makali: kuharisha, kushuka kwa chembe za damu, kibofu kutokwa damu. Majaribio yakasitishwa na dawa ikawekwa kando kwa miaka mingi. Waliofufua kazi hiyo ni Wajapani wa kampuni ya Yakult, inayojulikana zaidi duniani kwa kinywaji chake cha maziwa yaliyochachushwa. Wao waligeuza kidogo umbo la kiini hicho hata kikaweza kuyeyuka vizuri katika maji, nacho ndicho irinotekani. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani wakaonesha hasa mahali kamptothesini inapoipiga seli. Japani iliruhusu irinotekani mwaka 1994, Marekani ikairuhusu kwa saratani ya utumbo mpana mwaka 1996, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu, yaani dawa ambazo mfumo wa afya wa nchi unapaswa kujitahidi kuwa nazo.

Msomaji wa Maandiko Matakatifu atakumbuka hapa sura ya 38 ya kitabu cha Yoshua bin Sira, panapofundishwa kwamba tabibu apewe heshima anayostahili, kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana, na kwamba dawa zimetoka ardhini wala mwenye busara hazidharau. Sura hiyo hiyo inamwagiza mgonjwa asali, atubu, na kisha ampe tabibu nafasi. Mwandishi mtakatifu hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Ugomvi huo tumeuleta sisi.

Namna inavyofanya kazi

Ndani ya kila seli ya mwili kuna DNA, uzi mrefu mno wenye nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba ya ukili. Seli inapotaka kugawanyika ni lazima kwanza inakili uzi huo wote, na kadiri inavyousokotoa upande mmoja ndivyo upande wa pili unavyozidi kukaza. Kila aliyewahi kusokota kamba anajua jambo hilo. Mwenyezi Mungu ameweka ndani ya seli kimeng'enya kiitwacho topoisomerasi, ambacho hukata uzi mmoja kwa muda mfupi, huiacha kamba ilegee, kisha huunga tena palipokatwa.

Irinotekani, baada ya kubadilishwa na mwili, hasa kwenye ini, kuwa kitu chenye nguvu zaidi kiitwacho SN-38, hukibana kimeng'enya hicho kikiwa kimekwisha kukata lakini hakijaunga. Mitambo ya kunakili DNA inapofika mahali hapo, kamba hukatika kabisa na seli hufa. Kwa kuwa seli za saratani hugawanyika bila kukoma, ndizo zinazoumia zaidi. Hata hivyo, ziko seli njema ambazo nazo hugawanyika upesi: zile za mizizi ya nywele, za uboho wa mifupa unaotengeneza damu, na za ngozi laini ya ndani ya utumbo. Hizi nazo huumia. Nywele hurudi, hayo mengine mawili yanahitaji maelezo marefu zaidi, nayo yatafuata.

Inaweza nini, na haiwezi nini

Hapa pana jambo ambalo familia nyingi hazielezwi waziwazi, au huelezwa zikiwa zimeshtuka kiasi cha kutosikia. Saratani ya utumbo mpana ikiwahiwa kabla ya kusambaa, tiba kuu ni upasuaji, na wengi hupona kabisa. Irinotekani haina kazi katika hatua hiyo. Imejaribiwa baada ya upasuaji kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao haukuwa umesambaa, na haikuleta faida iliyotarajiwa. Nafasi yake ni pale ugonjwa uliposambaa. Na katika hatua hiyo, kwa wagonjwa walio wengi, dawa hii haiondoi ugonjwa moja kwa moja. Huupunguza, huuzuia kwa muda, hupunguza maumivu, huongeza siku. Wako wachache ambao vivimbe vya kwenye ini husinyaa kiasi cha kuwezesha upasuaji, na miongoni mwao wapo wanaopona. Daktari ndiye anayeweza kusema kama mgonjwa fulani yumo katika kundi hilo.

Siku ngapi? Mwaka 1998 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Ulaya kwa wagonjwa 279 ambao fluorourasili ilikuwa imeshindwa kuwasaidia. Baadhi walipewa irinotekani pamoja na matunzo, wengine matunzo peke yake. Baada ya mwaka mmoja, katika kila wagonjwa 100 waliopewa dawa, 36 hivi walikuwa hai. Katika kila 100 waliopata matunzo tu, 14 hivi. Nusu ya waliopewa dawa waliishi zaidi ya miezi 9. Nusu ya wale wengine waliishi zaidi ya miezi 6 na nusu. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba waliopewa dawa, licha ya kusumbuliwa na kuharisha, kwa mambo mengine waliishi maisha yenye nafuu zaidi. Miaka miwili baadaye utafiti mwingine ulionesha kwamba irinotekani ikiunganishwa na fluorourasili tangu mwanzo wa tiba, muda wa kati wa kuishi ulipanda kutoka miezi 14 hadi miezi 17. Siku hizi, kwa kupokezana na dawa iitwayo oksaliplatini, na pale zinapopatikana dawa mpya za kingamwili, wagonjwa wengi huishi zaidi ya hapo.

Miezi mitatu. Nimewasikia watu wakiibeza. Mimi sithubutu, kwa sababu nimeona yaliyotendeka ndani ya miezi ya namna hiyo: ndoa iliyokuwa haijabarikiwa kwa miaka 20 ikabarikiwa, ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani wakala meza moja, hati ya shamba ikaandikwa jina la mke ili asije akafukuzwa na wakwe baada ya mazishi. Wakati ni kipaji. Lakini ni kipaji cha kipimo fulani, na anayemwambia mgonjwa kwamba dripu hizi zitamrudisha kama alivyokuwa, akiwa hajui hivyo, anamdanganya, hata kama anafanya hivyo kwa huruma.

Nyumbani baada ya dripu

Kwa kawaida dripu ya irinotekani huchukua kati ya nusu saa na saa moja na nusu. Katika mpango unaotumika zaidi hurudiwa kila baada ya wiki mbili, ikifuatiwa na fluorourasili inayoingia polepole kwa saa 46. Kipimo hupangwa kwa urefu na uzito wa mgonjwa, na damu hupimwa kabla ya kila awamu. Hayo yote hufanywa na wataalamu. Hatari kubwa ya dawa hii, hata hivyo, haiko hospitalini. Iko nyumbani, siku kadhaa baadaye, wakati mgonjwa yuko pamoja nasi.

Kuharisha kunakoletwa na irinotekani kuko kwa namna mbili. Kwa kwanza huja ndani ya saa 24, mara nyingine dripu ikiwa bado inaendelea: mgonjwa hutokwa jasho, machozi na mate, tumbo humnyonga. Hiyo ni kazi ya neva, na muuguzi huituliza kwa sindano ya atropini. Kwa pili huja baada ya siku moja au zaidi, mara nyingi mgonjwa akiwa amekwisha kurudi kwake. Ini hufunga ile SN-38 ili isiendelee kudhuru, huipitisha kwenye nyongo na kuishusha utumboni itoke. Lakini bakteria wa utumboni huifungua tena, nayo huanza kuichubua ngozi ya ndani ya utumbo. Wako watu ambao, kwa jinsi walivyorithi jeni iitwayo UGT1A1, ini lao hufunga polepole, na kwao madhara huwa makali zaidi. Namna hiyo ya jeni ni ya kawaida zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika na Ulaya kuliko kwa wale wa Asia ya Mashariki, ambako dawa ilitengenezwa. Kipimo chake kipo, ingawa si kila mahali; mgonjwa hakosei akimwuliza daktari wake.

Niliitwa usiku mmoja nikampake mafuta matakatifu mama ambaye siku sita kabla alikuwa amepata dripu yake ya pili. Alikuwa anaharisha tangu juzi yake. Midomo ilikuwa imekauka, macho yamezama, mwili una moto. Watoto wake, watu wema wanaompenda, walinieleza kwa utulivu kwamba wamemwacha aharishe kwa sababu dawa inamsafisha, uchafu wa saratani unatoka. Jirani alikuwa amewaambia hivyo. Nilimpa sakramenti, kisha tukampakia kwenye gari la parokia. Alifika hospitali akiwa hai, akaishi mwaka mmoja na zaidi baada ya hapo. Wapo ambao hawakufika. Kwa sababu hiyo naandika bila kupindisha maneno: kuharisha baada ya irinotekani si uchafu wa ugonjwa unaotoka. Ni jeraha la utumbo, na bila tiba linaweza kuua ndani ya siku chache.

Mgonjwa anapaswa kuondoka hospitali akiwa na vidonge vya loperamidi mfukoni, na kuanza kuvimeza mara tu choo kinapolainika kuliko kawaida yake, si kesho yake. Utaratibu uliozoeleka ni miligramu 4 mwanzoni, kisha miligramu 2 kila baada ya saa 2, mpaka zipite saa 12 bila kuharisha. Kiasi hicho ni kikubwa kuliko kinachoandikwa kwenye pakiti, na muuza dawa huweza kushangaa au kukataa. Kwa hiyo ni vema karatasi ya daktari ioneshwe, na maelekezo ya daktari wa mgonjwa mwenyewe ndiyo yafuatwe. Vidonge hivyo havimezwi kabla ya kuharisha kuanza, wala havimezwi kwa zaidi ya siku mbili bila daktari kujua. Maji yanywewe kwa wingi, yakiwemo yale yenye mchanganyiko wa chumvi na sukari yauzwayo kwa jina la ORS, pamoja na uji mwepesi na supu.

Jambo la pili ni homa. Katika siku hizo chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, huweza kushuka sana. Joto likifika nyuzi 38, nyumba isisubiri asubuhi wala isidhani ni malaria tu. Homa pamoja na kuharisha ni safari ya hospitali saa ile ile. Kipimajoto ni cha bei ndogo. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo yenye mgonjwa wa namna hii itafanya vema kumnunulia kimoja kabla ya kufikiria zawadi nyingine. Na wanaofua mashuka au kusafisha choo chake katika siku mbili za mwanzo baada ya dripu wavae glovu, kwa kuwa mabaki ya dawa hutoka pamoja na uchafu wa mwili.

Neno kuhusu mitishamba. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba mti wa kwetu ni mbaya na mti wa China ni mzuri. Shida ni mchanganyiko. Ulaya uko mmea unaojulikana kwa jina la Mtakatifu Yohane, ambao watu hunywa chai yake kutuliza huzuni. Ilithibitika kwamba mgonjwa akiunywa pamoja na irinotekani, kiasi cha SN-38 katika damu hushuka sana, akabaki anabeba mateso ya dripu bila nguvu yake. Ikiwa mmea mmoja uliopimwa vizuri unaweza kufanya hivyo, tuwe na tahadhari na chupa ambayo hakuna ajuaye kilichomo. Ndivyo ilivyo hata kwa dawa za hospitali: baadhi ya dawa za kifafa na za kifua kikuu huipunguza nguvu, na atazanaviri, mojawapo ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, huiongezea ukali. Mgonjwa amwambie daktari kila anachomeza, hata kile anachoona haya kukitaja. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha aseme kabla ya dripu ya kwanza.

Je, nina wajibu wa kuipokea?

Sasa tunarudi kwenye swali la ofisini. Mafundisho ya Kanisa hapa ni ya wazi kuliko watu wengi wanavyodhani, na yana historia ndefu. Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pio XII aliwaeleza madaktari kwamba mtu ana wajibu wa kuhifadhi uhai na afya yake kwa njia za kawaida, zile zisizomtwisha yeye wala wengine mzigo mzito kupita kiasi, kwa kuzingatia mtu, mahali na wakati. Tamko la Idara ya Mafundisho ya Imani la tarehe 5 Mei 1980 kuhusu eutanasia lilifafanua zaidi: hupimwa aina ya tiba, ugumu na hatari zake, gharama zake na uwezekano wa kuitumia, kisha hulinganishwa na matunda yanayotarajiwa, kwa kuangalia hali ya mgonjwa na nguvu zake za mwili na za roho. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika aya ya 2278, inarejea jambo hilo: kuacha tiba zenye mzigo mkubwa, za hatari au zisizolingana na matokeo yanayotegemewa huweza kuwa halali. Hapo mtu hakusudii kuleta kifo. Anakubali kwamba hawezi kukizuia. Mwamuzi ni mgonjwa mwenyewe akiwa na uwezo wa kuamua. Si mwanawe wa kwanza, si kikao cha ukoo, wala si padre.

Tukiipima irinotekani kwa mizani hiyo, jibu si moja kwa watu wote. Kijana wa miaka 38 mwenye nguvu, ambaye figo na ini vinafanya kazi, anayeishi karibu na hospitali na ambaye bima yake inalipa, ana sababu nzuri za kuipokea, na kuikataa kwa sababu tu mhubiri fulani amemwahidi muujiza si imani bali ni kumjaribu Mungu. Bibi wa miaka 80 ambaye hatoki kitandani, aliyekwisha kupokea awamu kadhaa na ugonjwa ukaendelea, anaweza kusema imetosha na kumwomba Mungu ampokee. Huyo hajajiua. Hahitaji kuungama jambo hilo kana kwamba ni dhambi. Nimewakuta wazee waliokuwa wanabeba hofu hiyo peke yao kwa wiki nyingi kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Na gharama je? Tamko hilo la 1980 linataja waziwazi kwamba mgonjwa huweza kukataa tiba kwa nia ya kutoitwisha familia au jumuiya matumizi makubwa kupita kiasi. Baba anayekataa kiwanja pekee cha watoto kiuzwe kwa ajili ya miezi michache anaweza kuwa anatenda tendo la upendo. Hata hivyo nasisitiza: neno hilo ni lake kulisema. Familia haina ruhusa ya kumsemea, wala ya kumnong'oneza kila jioni mpaka alione kuwa lake. Iko tofauti kubwa kati ya mzee anayetoa na mzee anayenyang'anywa. Pia, kabla ya kuuza chochote, iulizwe hospitali: muda wa hakimiliki ya awali ya dawa hii umekwisha, viwanda mbalimbali huitengeneza, na ofisi ya ustawi wa jamii huweza kujua njia ambazo familia haizijui.

Anayeacha tibakemikali haachi kutunzwa. Aya ya 2279 ya Katekisimu inafundisha kwamba matunzo ya kawaida hayawezi kukatizwa kihalali hata kifo kinapokaribia, na kwamba dawa za kutuliza maumivu zinaruhusiwa hata kama zinaweza kufupisha siku, ilimradi kifo hakikusudiwi. Barua ya Samaritanus Bonus ya mwaka 2020 imesisitiza wajibu huo wa tiba shufaa. Mofini si dawa ya kuua. Mgonjwa asinyimwe kwa sababu ya neno hilo kuogopwa mitaani. Eutanasia ni jambo lingine kabisa, nalo ni kosa zito. Kuiita tiba shufaa kwa jina hilo ni kuwatesa watu bure.

Sakramenti wakati wa tiba

Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa si sakramenti ya dakika ya mwisho. Mwamini anayeanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee anaweza kuipokea, na saratani iliyosambaa inatosha kabisa. Aombe kabla ya dripu ya kwanza, akiwa bado anaweza kuketi na kuitikia. Hali ikizidi kuwa mbaya inarudiwa. Hutolewa na padre au askofu tu. Katekista na mhudumu wa Komunyo wanaweza kusali na mgonjwa, lakini hawapaki mafuta hayo.

Mgonjwa aliye katika tiba hafungwi na mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Asifunge. Kwa mtu ambaye utumbo wake umechubuka, kukosa maji na chakula kwa siku nzima si sadaka bali ni hatari. Hafungwi pia na saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo, na wanaomuuguza vilevile, kadiri ya kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa. Asipoweza kumeza hostia nzima hupewa kipande kidogo pamoja na maji. Asipoweza hata hicho, anaweza kupokea Damu Takatifu peke yake. Katika siku ambazo chembe nyeupe ziko chini hana wajibu wa kuja Misa ya Dominika kwenye msongamano. Aletewe Ekaristi Takatifu nyumbani, na mhudumu anawe mikono kwa sabuni akifika, asije akiwa na mafua.

Familia ijulishe parokia tarehe za dripu zikishapangwa. Siku za hatari tunaweza kuzihesabu, na padre anayejua kwamba mama fulani yuko siku ya tano baada ya dawa ataweka simu yake karibu usiku huo, na gari litakuwa na mafuta.